Rivolva nyepesi za kubeba kwa siri: Smith & Wesson 642, Ruger LCR na nyingine za rika lao

Katika maduka mengi ya bunduki nchini Marekani, mteja mgeni anayesema anataka silaha ndogo ya kujilinda huwekewa juu ya kaunta rivolva yenye mtutu mfupi kabla hajamaliza maelezo yake. Sababu anazopewa zinaeleweka: haina magazini ya kukwama, haina kitufe cha usalama cha kusahauliwa, inaingia mfukoni, na matumizi yake yanaonekana kuwa rahisi, kwani ni kufungua silinda, kutia risasi tano, kufunga, na kuvuta kifyatulio. Sababu hizo ni za kweli. Lisilosemwa, aghalabu mpaka risiti imekwisha kuchapwa, ni kwamba rivolva ya namna hiyo ni miongoni mwa bastola zilizo ngumu kabisa kulenga nazo, na kwamba kila gramu inayopunguzwa kwenye uzito wake humwongezea mpigaji taabu. Tathmini hii inapima rivolva nyepesi zinazouzwa sana leo kwa kigezo hicho: ni ipi inayobebeka siku nzima, na bado mwenyewe akawa radhi kurudi nayo mazoezini wiki ijayo.

Ninaandika nikiwafikiria wasemaji wa Kiswahili waishio Ohio, Texas, Minnesota, Maine na kwingineko Marekani, kwa hiyo jambo la ukaazi litangulie. Sheria ya shirikisho humruhusu mwenye kadi ya kijani kununua na kumiliki bastola, lakini humkataza, isipokuwa kwa misamaha michache, mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi. Anayenunua bastola dukani lazima awe ametimiza miaka 21. Hujaza Fomu 4473, na taarifa zake hupitishwa katika mfumo wa ukaguzi wa FBI. Kosa la bunduki ni miongoni mwa sababu za kumwondoa nchini hata mkaazi wa kudumu, na ndiyo maana swali la fomu lisiloeleweka halijibiwi kwa kubahatisha. Mwenye shaka na amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, ndipo aende dukani. Kuhusu kubeba, majimbo hayafanani: Maine tangu 2015, Texas tangu 2021 na Ohio tangu 2022 hayadai kibali kwa mtu mzima aliyetimiza masharti, ilhali Minnesota inadai. Hata pasipodaiwa kibali ni afadhali kukichukua, kwa sababu hutambuliwa katika majimbo mengine unayoweza kuyapitia safarini.

Rivolva nyingi za aina hii zimetokana na bastola moja. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ilionyesha rivolva mpya ndogo ya risasi tano za .38 Special katika mkutano wa wakuu wa polisi uliofanyika Colorado Springs, na wajumbe wenyewe wakaipigia kura jina, ikaitwa Chiefs Special. Ilikuwa ya chuma kitupu, na uzito wake ulikuwa takriban gramu 550. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo, iliyoanzishwa 1852, iliadhimisha miaka yake mia kwa kutoa Centennial, ambayo nyundo yake imefunikwa kabisa ndani ya fremu, na katika kipindi hicho hicho ikaanza kutengeneza fremu za aloi ya alumini kwa jina la Airweight. Tamaa ya wepesi ilivuka mpaka mapema. Jeshi la Anga la Marekani liliagiza, kwa ajili ya marubani wake, rivolva ambazo hata silinda zake zilikuwa za alumini. Silinda hizo zikaonekana kushindwa kuhimili shinikizo la risasi, na hatimaye bastola nyingi kati ya hizo zikakusanywa na kuharibiwa. Baada ya hapo uzito ukapunguzwa kwenye fremu peke yake, silinda ikaachwa kuwa ya chuma, hadi titani ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mrithi wa Centennial anayeonekana sana leo ni Smith & Wesson 642. Fremu yake ni ya alumini, silinda na mtutu ni vya chuma cha pua, mtutu una urefu wa sentimita 4.8, na bastola nzima bila risasi ina uzito wa gramu 410 hivi. Model 442 ni bastola ileile iliyotiwa rangi nyeusi. Nyundo haionekani, kwa hiyo hakuna kinachonasa kwenye kitambaa inapotolewa mfukoni, na umbo lake la mviringo halijichori juu ya suruali kama linavyojichora umbo la mraba la bastola ya magazini. Kwa kuwa muundo huu umekaa sokoni muda mrefu, kila fundi wa ngozi anatengeneza ala yake, mipini ya kubadilisha ipo ya kila aina, na fundi bunduki yeyote anaijua ndani na nje. Kwa mtu anayehesabu gharama ya kila kitu kinachofuata baada ya kununua, hilo si jambo dogo.

Kasoro za 642 ziko mahali pawili. Ya kwanza ni kifyatulio, ambacho hudai nguvu ya kilo 5 na ushei, na ugumu huo huongezeka kadiri kinavyokaribia mwisho wa mwendo wake, hasa pale ambapo mpigaji anataka mkono utulie. Ya pili ni vilengeo. Kilengeo cha mbele ni kijinundu kilichochongwa pamoja na mtutu, chenye rangi ileile ya fedha, na kile cha nyuma ni mfereji tu juu ya fremu. Jua likiwaka, vyote viwili vinapotea katika mng'ao mmoja. Katika hilo 442 nyeusi ina nafuu, na chupa ndogo ya rangi ya kucha ya machungwa, ikipakwa kwenye kilengeo cha mbele, hufanya kazi nzuri kuliko bei yake. Baadhi ya matoleo huja na tundu la kufuli upande wa kushoto wa fremu na mengine hayana. Wapenzi wa bastola wamelibishania tundu hilo kwa miaka mingi kupita kiasi. Mimi ningechukua lisilo na tundu kama bei ni moja, na nisingelipa dola 50 za ziada kwa ajili hiyo.

Ruger LCR, iliyotoka mwaka 2009, iliundwa na watu ambao bila shaka walikuwa wameikasirikia sana kifyatulio cha washindani wao. Sehemu ya chini inayobeba mitambo ya kufyatulia ni ya plastiki ngumu, sehemu ya juu ya toleo la .38 Special ni ya alumini, silinda ni ya chuma cha pua iliyochongwa kwa kina ili kupunguza uzito, na jumla yake ni takriban gramu 385. Ndani yake mna kipande maalumu cha kupunguza msuguano, na matokeo yake ni kifyatulio kinachokwenda kwa ulaini kutoka mwanzo hadi mwisho bila ule ugumu wa mwishoni. Mtu akivuta vifyatulio vya 642 na LCR kwa zamu, bastola zikiwa tupu, tofauti huonekana kabla hajaelezwa lolote. Kilengeo cha mbele kimeshikiliwa kwa pini, kwa hiyo kinaweza kubadilishwa na kuwekwa chenye rangi au kinachong'aa gizani, na mpini wa mpira uliotengenezwa na Hogue unafunika mgongo wa fremu, mahali ambapo teke la bastola humpata mtu katikati ya kiganja.

Sura yake haivutii, na hilo silihesabu. Ninalolihesabu ni kwamba mpini huo wa mpira, ambao ndio neema ya mazoezini, hung'ang'ania kitambaa cha mfukoni. Kwa hiyo anayetaka kubeba LCR mfukoni lazima achague mfuko mpana au abadilishe mpini, na akibadilisha mpini anarudisha sehemu ya teke aliyokuwa ameikwepa. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba kifyatulio cha LCR, kinapoachiliwa, hutoa mlio mdogo kabla hakijarudi kikamilifu, na mpigaji mwenye haraka anaweza kudhani tayari, akavuta, pasitokee kitu. Dawa yake ni mazoezi ya kukiachia kifyatulio kirudi mpaka mwisho kila mara. Aliyezoea bastola za magazini zenye mrejeo mfupi ndiye atakayehitaji mazoezi hayo zaidi.

Sasa wepesi wenyewe. Smith & Wesson 340PD ina fremu ya aloi yenye skandiamu, silinda ya titani, uzito usiofika gramu 350, na ruhusa ya kupiga .357 Magnum, risasi iliyozaliwa 1935 kwa ajili ya rivolva kubwa nzito za chuma. Ukiishika dukani utadhani ni mwanasesere. Hesabu yake, hata hivyo, haina huruma: kani inayoisukuma risasi mbele huisukuma bastola nyuma kwa kiasi kilekile, kwa hiyo bastola yenye nusu ya uzito hurudi nyuma kwa kasi maradufu, na nishati inayokifikia kiganja nayo huwa maradufu. Magnum katika bastola ya gramu 340 humfanya mpigaji wa kawaida afumbe macho kabla ya risasi ya pili, na nimewaona watu wazima, wenye mikono ya kazi, wakiirudisha bastola ya namna hiyo mezani silinda ikiwa bado na risasi mbili. Ipo pia hatari ya kimitambo. Bastola inaporuka nyuma ghafla, maganda ya risasi zilizobaki huondoka pamoja na silinda ilhali vichwa vya risasi, kwa uzito wao, hubaki nyuma kidogo, kwa maana ya kwamba huchomoka taratibu kutoka kwenye maganda yao. Kikichomoka vya kutosha, kichwa kimoja hutokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Kwenye mtutu wa 340PD yenyewe pameandikwa kwamba risasi za .357 zisiwe na kichwa chepesi kuliko greni 120 (greni ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa cha risasi). Anayetaka kuijaribu risasi yoyote katika bastola nyepesi apige nne, kisha aitoe ya tano na kuipima urefu akiilinganisha na nyingine iliyotoka kwenye boksi. Bei ya 340PD ni karibu dola 1,000, na kwa maoni yangu fedha hizo zinanunua bastola ya kubebwa sana na kupigwa mara chache mno.

Kwa upande mwingine wa mizani zipo rivolva ndogo za chuma kitupu, kama Ruger SP101 na Kimber K6s, ambazo uzito wake huanzia gramu 650 na kuendelea. K6s inabeba risasi sita na kifyatulio chake ni kizuri, na kupiga nayo .38 Special ni raha. Lakini hizo hazikai tena katika mfuko wa suruali. Zinahitaji mkanda imara na ala ya kiunoni, na mtu aliyekubali mkanda na ala ya kiunoni anaweza kubeba bastola nyingine nyingi zilizo bora kuliko rivolva yoyote ndogo.

Katikati ya hayo mawili pana chaguo ambalo wauzaji hulipita haraka, nami ndilo ninalolipendekeza. Ruger LCR ya .357 Magnum haina fremu ya alumini kama ndugu yake ya .38, fremu yake ya juu ni ya chuma cha pua, na uzito unafika gramu 485 hivi. Ukiinunua kwa ajili ya kupiga Magnum utapata mateso yaleyale. Ukiinunua na kuitia .38 Special, ambazo huingia bila tatizo, unapata gramu 100 za ziada mahali zinapotakiwa, juu ya mkono, bila kubadili ukubwa wa bastola, na mfukoni tofauti hiyo haizidi uzito wa funguo chache. Anayefanya hivyo akumbuke kusafisha vyumba vya silinda kila baada ya mazoezi, kwani .38 ni fupi kuliko .357 na huacha pete ya masizi ndani ya chumba ambayo, ikiachwa, itazuia risasi ndefu siku moja zikihitajika.

Taurus 856 Ultra-Lite ya Brazil ina risasi sita, uzito wa takriban gramu 450, na bei ambayo mara nyingi haifiki dola 400. Kwa fedha kidogo ni bastola ya heshima, ila ukaguzi wa kila moja kabla ya kulipa ni wa lazima zaidi hapa kuliko kwa hao wawili wa kwanza. Charter Arms Undercover Lite, yenye gramu 340 hivi, ina tatizo lilelile la wepesi nililolieleza.

Nafika kwa jambo linaloniudhi kidogo katika biashara hii. Wanawake huuziwa rivolva nyepesi kuliko zote, mara nyingine imepakwa rangi ya waridi, kwa hoja kwamba ni ndogo na kwa hiyo inawafaa. Muuzaji mmoja alimshauri hivyo dada wa jamaa yangu, ambaye hakuwahi kushika bastola, akamwekea na boksi la risasi zenye shinikizo la ziada. Udogo wa mkono hauondoi teke wala haulegezi kifyatulio cha kilo 5. Mkono mdogo ndio unaohitaji bastola yenye uzito kidogo na risasi ya upole. Kwa mtu wa namna hiyo, awe mwanamke au mzee mwenye maumivu ya viungo, jibu zuri la miaka ya karibuni ni risasi za inchi 0.32. Mwaka 2024 Smith & Wesson, kwa kushirikiana na muuzaji wa jumla Lipsey's, ilitoa mfululizo wa Ultimate Carry ambao ndani yake zimo rivolva ndogo za .32 H&R Magnum: risasi sita badala ya tano, teke dogo, vilengeo vinavyoonekana, na hakuna tundu la kufuli. LCR nayo ina toleo la .327 Federal Magnum la risasi sita, ambalo hukubali .32 H&R Magnum na pia .32 S&W Long, iliyo pole zaidi. Udhaifu wa risasi hizi ni kwamba si kila duka huziweka, na bei yake huwa juu. Matoleo ya .22 yana teke dogo kabisa, lakini kifyatulio chake aghalabu huwa kigumu zaidi, kwa sababu risasi hizo hupigwa pembeni mwa kitako na huhitaji pigo la nguvu ili ziwake. Anayetafuta ulaini wa kidole hataupata huko.

Kuhusu risasi za .38 Special zenyewe, mtutu wa sentimita 4.8 hauvipi vichwa vyenye tundu, vilivyobuniwa kutanuka vinapogonga, kasi ya kutosha kufunguka kama inavyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa nyingi hupimwa kwa mitutu mirefu zaidi. Speer hutengeneza Gold Dot ya greni 135 mahususi kwa mitutu mifupi; ni ya +P, yaani yenye shinikizo linalozidi kawaida kidogo, na katika LCR ya .357 inavumilika. Katika 642 ningeanza na risasi za greni 148 zenye kichwa bapa, zile zilizobuniwa kwa mashindano ya shabaha. Zina teke dogo, zinakwenda panapolengwa, na hazitegemei kufunguka. Tatizo lao ni kwamba kichwa bapa hakijiongozi kuingia kwenye chumba, kwa hiyo kujaza upya kwa haraka ni kazi. Wengi hutia risasi bapa kwenye silinda na kuweka za kichwa cha mviringo kwenye ukanda wa akiba. Iwe ipi, bastola ipigwe nayo kwanza ili ionekane inapiga wapi, maana vilengeo vya bastola hizi havisogezwi, na kichwa kizito na kichwa chepesi hutua mahali tofauti.

Msomaji atauliza kwa nini basi asinunue bastola ndogo ya magazini. SIG P365, iliyotoka 2018, ina uzito wa gramu 500 hivi na hubeba risasi 10 za milimita 9, yaani maradufu ya silinda ya 642, na kifyatulio chake ni chepesi zaidi. Kwa kiunoni, nami ningesema achukue hiyo. Rivolva inabaki na sifa katika mambo machache ambayo kwa baadhi ya watu ndiyo yote: mfukoni hutoka bila kunasa, haijali kama mshiko ulikuwa dhaifu, haihitaji nguvu ya kuvuta kifuniko cha juu ambacho wazee wengi hawakiwezi, na kujua kama ina risasi ni kufungua silinda na kutazama. Hoja ya kwamba rivolva haiharibiki kamwe haina msingi. Hukwama mara chache, lakini ikikwama kwa kichwa kilichochomoka au uchafu chini ya nyota ya kutolea maganda, haikwamuki kwa kupigwa kofi. Hupelekwa kwa fundi.

Kubeba mfukoni kuna masharti yake. Bastola huingia ndani ya ala iliyoundwa kwa ajili ya mfuko, inayofunika kifyatulio chote na kubaki mfukoni bastola inapotolewa, na mfuko huo hauwekwi kitu kingine, iwe funguo, peremende au simu. Majira ya baridi ya Minnesota na Maine huleta mfuko wa koti, ulio mzuri kwa kazi hii, lakini pia huleta glavu nene: kidole chenye glavu kinaweza kisiingie vizuri ndani ya pete ya kifyatulio, au kikakizuia kifyatulio kurudi mbele, na jambo hilo hujaribiwa nyumbani, bastola ikiwa tupu. Kwa wanaume wavaao kanzu, mfuko wa ubavuni huning'inia mno bastola ikiwa ndani, kwa hiyo suruali ya ndani yenye mfuko imara ndiyo njia. Kina mama wavaao dera au abaya hawana mkanda wa kutundikia ala, na wengi huishia kuweka bastola mkobani. Silipendi wazo hilo. Mkoba huachwa kwenye kiti, hushikwa na watoto wanaotafuta pipi, na huibwa. Mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa kiunoni chini ya nguo, wenye mfuko wa plastiki ngumu unaofunika kifyatulio, una joto na huchukua muda kuuzoea, lakini bastola hubaki mwilini.

Mahali pa kazi pasisahaulike, maana kusahau huko kuna gharama kubwa. Uber hukataza silaha garini kwa madereva na abiria tangu 2015, Lyft vilevile ina katazo lake, na dereva anayekutwa nayo hupoteza akaunti hata kama jimbo linamruhusu kubeba. Maghala na nyumba za kutunzia wazee, zinazowaajiri wengi wetu, kwa kawaida yana katazo kama hilo. Ofisi za posta na majengo ya shirikisho ni marufuku kisheria. Kwa dereva wa teksi za mtandaoni anayefanya kazi saa nyingi kila siku, ukweli ni kwamba bastola itakaa nyumbani muda mwingi, na swali linalofuata ni la kisanduku.

Rivolva ya gramu 400 iliyo chini ya mto ni hatari kubwa nyumbani kuliko mhalifu yeyote wa mtaani. Baadhi ya watu hudhani ugumu wa kifyatulio unawalinda watoto. Mtoto hutumia vidole gumba viwili na kuvuta. Sanduku dogo la chuma lenye tarakimu za kubonyeza, lililofungwa kwa waya kwenye kitu kizito, hupatikana kwa bei isiyozidi ya maboksi machache ya risasi, na ununuzi wake uhesabiwe ndani ya bei ya bastola. Wenye wageni wa kulala, na katika nyumba zetu wageni hawakomi, hawana kisingizio.

Kabla ya kununua, nenda kwenye uwanja wa shabaha wenye bastola za kukodi, vaa kinga ya masikio iliyo nzuri kwa kuwa mitutu mifupi ina mlio mkali, na ubao wa shabaha uwekwe mita 5, si 15. Piga 642 na LCR kwa risasi ileile, halafu tazama makundi ya matundu badala ya kusikiliza sifa. Nyumbani, mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila risasi, kwa kutumia risasi bandia za plastiki zinazolinda pini na huku risasi halisi zikiwa chumba kingine, ndiyo yanayofunza bastola hizi kuliko kitu chochote, maana kazi yote iko kwenye ule mwendo mrefu wa kidole.

Bei za madukani huwa kati ya dola 450 na 550 kwa 642, na dola 600 hadi 700 kwa LCR kutegemea toleo. Soko la zilizotumika ni zuri, kwa sababu watu wengi hununua, hupiga boksi moja, huumia, na kuuza. Bastola ya namna hiyo karibu ni mpya. Omba ruhusa ya kuifungua na uhakikishe mwenyewe kwamba ni tupu. Silinda ikiwa imefungwa na kifyatulio kimevutwa na kushikiliwa nyuma, ijaribu kwa vidole: kucheza kidogo sana kunakubalika, kutikisika hapana. Tazama dhidi ya mwanga nafasi kati ya silinda na mtutu, iwe nyembamba na sawa pande zote. Chunguza fremu chini ya mahali mtutu ulipofungiwa, ambapo alumini iliyochoka huonyesha ufa mwembamba kama unywele. Airweight za zamani hazikuundwa kwa ajili ya risasi za +P, na zilizoundwa kwa ajili hiyo zimepigwa chapa ya +P kwenye mtutu. Isiyo na chapa hiyo ilishwe risasi za kawaida tu, na bei yake izingatie hilo. Duka lisilokubali bastola ikaguliwe hivyo mbele ya mteja halistahili fedha zako, kwani 642 zilizotumika hazijawahi kuadimika.